Injini Ndogo Inapokosa Cheche

Injini ndogo ya petroli ni kitu kilichokwisha kuenea katika nchi zetu. Iko katika bomba livutalo maji mtoni, iko katika msumeno wa mnyororo ukatao magogo, na iko katika mashine ya kufyekea majani. Walakini wachache kati ya wasomaji wetu wamepata kuiona katika kazi yake ya ajabu zaidi, nayo ni kurusha ndege za mfano, yaani ndege ndogo zisizochukua mtu, ambazo mwenyewe husimama chini akaziongoza kwa redio. Ndege kubwa za namna hii si vitu vya kuchezea watoto. Mabawa yake, toka ncha hata ncha, hupita mita 2. Uzito wake waweza kufika kilo 8 au 9. Na injini yake, mara nyingi ya silinda moja, huwa na ujazo wa sentimita 50 au zaidi.

Tumeichagua injini hiyo kuwa somo letu kwa sababu mbili. Kwanza, ni ndugu wa damu wa injini ya msumeno na ya mashine ya kufyekea, hata nyingi za kwanza zilitengenezwa kwa kugeuza injini za misumeno. Basi ajuaye kuitibu moja ataweza kuitibu nyingine. Pili, injini ya bomba ikizima, maji hukatika tu. Lakini injini ya ndege ikizima juu, ndege haina budi kushuka, wala haichagui pa kushukia.

Jambo hili sisi wenyewe tumeliona kwa macho yetu. Siku moja tulialikwa kutazama ndege ya namna hii ikirushwa katika uwanja ulio kando ya mashamba. Asubuhi ile injini ilikuwa imekataa kuwaka mara nyingi, ikawaka, ikakohoa, ikazima, ikawaka tena. Mwenyewe akasema, "Ikipata moto itatulia." Akairusha. Ilipofika juu ya mahindi ilizima ghafula, pasipo kukohoa hata mara moja, ikaja chini kimya kimya, ikaanguka hatua chache tu kutoka kwa akina mama waliokuwa wakipalilia. Kwa rehema ya Mungu hakuumia mtu. Tulipoikusanya tuliona kofia ya plagi imelegea, yaweza kutolewa kwa vidole viwili. Kosa la dakika moja kulitengeneza lilikuwa karibu kuleta msiba. Tangu siku ile tumeazimia kuwafundisha wengine yale tuliyojifunza.

Asili ya mambo haya

Watu wengi hudhani kwamba ndege za mfano zilikuja baada ya ndege kubwa. Sivyo. Mwaka wa 1901 bwana mmoja wa Marekani, Samuel Langley, alirusha ndege ya mfano isiyo na mtu, yenye injini ya petroli, juu ya mto Potomac. Miaka miwili ikapita ndipo ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walipopanda angani wenyewe tarehe 17 Desemba, 1903. Langley naye alitengeneza ndege kubwa ya kuchukua mtu, lakini mwaka huo huo wa 1903 ilianguka mtoni mara mbili.

Shida kubwa ya watu wa zamani ilikuwa cheche yenyewe. Mwaka wa 1902, katika karakana ya Robert Bosch huko Ujerumani, fundi aitwaye Gottlob Honold alifaulu kutengeneza magneto itoayo umeme mkali wa kutosha kuruka katika plagi. Toka hapo injini zikaanza kuaminika. Mwaka wa 1934 William Brown wa Marekani alianza kuuza injini ndogo sana ya ndege za mfano iitwayo Brown Junior, nayo ilitumia plagi, koili na betri. Baadaye, mwaka wa 1947, Ray Arden alileta plagi ya namna nyingine, yenye uzi mdogo wa madini ubakiao mwekundu kwa moto bila ya kuhitaji cheche, na injini nyingi ndogo zikafuata njia hiyo. Lakini ndege za mfano zilipozidi kuwa kubwa, watu walirudi kwenye petroli na cheche, kwa kuwa petroli ni rahisi, tena haimalizwi upesi.

Jinsi cheche inavyopatikana

Injini ya petroli yataka mambo matatu, wala haitaki la nne: mchanganyiko wa petroli na hewa ulio sawa, mgandamizo mzuri ndani ya silinda, na cheche yenye nguvu kwa wakati wake. Ni kama mafiga matatu. Ukiondoa moja, chungu hakikai.

Cheche ni umeme unaoruka pengo lililo katika ncha ya plagi. Hewa iliyogandamizwa haipitishi umeme kwa urahisi, kwa hiyo umeme huo hauna budi kuwa mkali sana, zaidi ya volti 10,000. Tena hauna budi kuja kwa wakati wake hasa. Injini ya mapigo mawili izungukayo mara 6,000 kwa dakika huhitaji cheche 6,000 kwa dakika hiyo, yaani cheche 100 kwa kila nukta moja. Na kila moja yapaswa kutoka pistoni ikiwa bado inapanda, kabla haijafika juu kabisa, ili moto upate nafasi ya kuenea. Katika injini nyingi za ndege hizi, zikiwa zinakwenda kasi, cheche hutoka karibu digrii 28 za mzunguko kabla ya pistoni kufika juu.

Njia za kuipata cheche hiyo ni tatu. Njia ya kwanza ni magneto: sumaku imepachikwa katika gurudumu zito la injini, na kila ipitapo mbele ya koili huamsha umeme ndani yake. Haihitaji betri. Ndiyo njia ya misumeno na mabomba mengi. Njia ya pili ni ya kale: betri, koili, kondensa, na platini, yaani vile vidomo viwili vya madini vifungukavyo na kufunga. Njia ya tatu ndiyo ya ndege nyingi za siku hizi: betri ndogo hupeleka umeme katika kisanduku cha cheche, sumaku ndogo iliyo katika kitovu cha rafadha hupita mbele ya kihisio, kihisio hukipasha kisanduku habari, na kisanduku hutoa cheche. Kisanduku hicho kina hekima moja nzuri. Injini ikizungushwa polepole hukawiza cheche mpaka pistoni iwe karibu kufika juu, nayo ikishika kasi huiwahisha. Ndiyo sababu injini hizo ni rahisi kuwashwa kwa mkono, wala hazirudishi rafadha nyuma kwa ukali.

Kabla ya kugusa kitu

Rafadha, ambayo wengine huiita pangaboi, ni panga kweli kweli. Haijui kidole cha mwenyewe na kidole cha mgeni. Kwa hiyo twaweka sheria hizi mbele ya mafundisho mengine yote, na mwalimu awafundishaye vijana asikubali mmoja wao aziruke.

Ndege ifungwe imara kwa nyuma, au ishikwe na mtu mzima mwenye nguvu. Watazamaji wasimame nyuma yake, wala asisimame mtu hata mmoja ubavuni mwa rafadha, maana ikivunjika vipande vyake huruka upande huo. Rafadha isizungushwe kwa kidole kitupu bali kwa kijiti kilichovikwa mpira, au kwa mkono uliovaa glavu nene ya ngozi. Na kila mara rafadha ihesabiwe kuwa ni bunduki iliyojaa, hata kama swichi imezimwa. Kwani swichi yaweza kuharibika, na injini ya magneto haihitaji betri ili ikukate. Ufanyapo kazi karibu na rafadha, toa kofia ya plagi kwanza. Na katika injini ya kisanduku, chomoa betri pia.

Tena, chombo cha petroli kiwekwe mbali unapojaribu cheche. Mvuke wa petroli hauonekani, lakini unawaka.

Je, kosa ni la cheche?

Fundi mbaya huanza kwa kufungua; fundi mzuri huanza kwa kuuliza. Injini ilizimaje? Ikiwa ilizima ghafula, mara moja, kama taa iliyopulizwa, mara nyingi ni cheche iliyokatika. Ikiwa ilififia, ikaongeza kasi kidogo, kisha ikafa, mara nyingi ni petroli iliyokwisha au njia iliyoziba. Ikiwa huwaka ikiwa baridi na kufa ikipata moto, tutalieleza jambo hilo mbele.

Baada ya kuuliza, ifungue plagi uitazame. Ukiona imelowa petroli baada ya kuizungusha injini mara nyingi, basi petroli imefika, na kilichokosekana huenda ni cheche. Ukiona ni kavu kabisa, usiilaumu cheche. Tazama tangi, mpira wa petroli, kichujio na kabureta. Rangi nayo husema. Rangi ya kahawia kama ya chai ya maziwa ni ya afya. Nyeusi yenye masizi makavu ni dalili ya petroli kuzidi hewa, au cheche dhaifu. Nyeusi yenye mafuta mafuta ni dalili ya mafuta mengi mno katika petroli. Nyeupe iliyoungua ni dalili ya petroli kupungua au injini kupata moto kupita kiasi, na hiyo isipuuzwe, kwani pistoni iko hatarini.

Sasa ijaribu cheche. Ipachike plagi katika kofia yake, kisha uiegemeze mwili wake wa chuma juu ya chuma kitupu cha injini, mahali pasipo rangi, mbali na tundu lake lililo wazi. Mwili wa plagi usipogusa chuma, hutaona cheche hata kama kila kitu ni kizima. Na katika injini ya kisanduku jambo hili lina ubaya wa pili: umeme usipopata njia ya kutokea hurudi kukiharibu kisanduku chenyewe. Watu wengi wameua visanduku vizima kwa kuvijaribu hivyo. Shika kwa koleo yenye mpira, nenda kivulini, uzungushe injini. Cheche njema ni ya samawati, nono, tena hulia "ta". Cheche nyembamba yenye rangi ya manjano au nyekundu ni dhaifu. Huonekana nje, lakini ndani ya silinda, chini ya mgandamizo, huenda isiruke.

Onyo moja: magneto hutaka kasi. Ukiizungusha rafadha polepole kwa mkono usipate cheche, usiseme magneto imekufa. Zungusha upesi, au tumia kamba au mashine ya kuwashia. Visanduku vingi vya betri, kinyume chake, hutoa cheche hata rafadha ikizungushwa taratibu, na hiyo ndiyo faida yake na hatari yake.

Kutafuta kosa kwa utaratibu

Ikiwa hakuna cheche, au ni dhaifu, anza na kilicho rahisi uende kwenye kilicho kigumu. Usibadili vitu viwili kwa mara moja. Maana injini ikiwaka hutajua ni dawa gani iliyoiponya.

Kwanza, plagi. Badili utie nyingine unayoijua kuwa ni nzima. Plagi haina bei kubwa, nayo hudanganya sana. Ufinyanzi wake waweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele, usioonekana, ambao umeme hupitia. Pima pengo lake kwa kipimo cha bati. Kwa plagi ndogo za injini za ndege zenye kisanduku, pengo la milimita 0.4 au 0.5 hufaa, kwa injini nyingi za msumeno na bomba ni kati ya milimita 0.6 na 0.7. Kitabu cha injini yako ndicho kiamuacho. Pengo kubwa mno hutaka umeme mwingi kuliko uliopo; pengo dogo mno hutoa cheche isiyowasha vema, nayo huzibwa upesi na masizi.

Pili, kofia na waya wake. Kofia ikae imara, ikusumbue kidogo kuitoa. Ndani yake mna chemchemi au kibanio. Kikiwa na kutu au kimelegea, mtetemo wa injini utakikatiza cheche. Kisha ufuate waya kwa vidole toka mwanzo hata mwisho, uone kama umechubuliwa mahali uegemeapo chuma. Njia njema ni kuizungusha injini gizani. Palipochubuka utaona vicheche vikiruka kwenda kwenye chuma. Katika ndege, waya huo huvikwa shati la nyuzi za chuma ili umeme wake usiisumbue redio. Shati hilo lishikane na mwili wa plagi barabara. Likilegea, hatari yake si kuzima kwa injini tu, bali redio kuchanganyikiwa, na ndege kuacha kumtii mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo kisanduku na betri yake huwekwa mbali na kipokezi cha redio, sentimita 30 ikiwezekana.

Tatu, swichi ya kuzimia. Hapa ndipo sisi tulipoaibika. Tulikuwa na bomba la maji lenye injini ya magneto, na miche ya mboga ilikuwa ikinyauka bustanini. Injini ikakataa kuwaka. Tuliifungua kabureta, tukaiosha, tukairudisha. Tukaifungua tena siku ya pili. Siku ya tatu tukaazimu kwenda mjini kununua koili. Mzee mmoja jirani, aliyepata kufanya kazi ya msumeno, akaja akatazama, akauchomoa waya mwembamba utokao kwenye koili kwenda kwenye swichi, akavuta kamba. Injini ikanguruma. Waya ule ulikuwa umechubuka na kugusa chuma, na kwa magneto jambo hilo ni sawasawa na kubonyeza swichi ya kuzimia mchana na usiku. Miche nusu ilikuwa imekwisha kufa. Basi kumbuka: katika magneto, swichi huzima kwa kuunganisha waya na chuma, uchomoe waya huo, ujaribu cheche, nawe utajua. Ukisha kuona kosa, tengeneza waya, usiuache umechomolewa. Kwani injini isiyozimika ni hatari kuliko injini isiyowaka. Katika injini ya kisanduku mambo ni kinyume: swichi hukata umeme wa betri, kwa hiyo swichi iliyoliwa na kutu hukata cheche hata ukiiwasha.

Nne, betri, kwa injini zenye kisanduku. Betri yaweza kuonyesha nguvu ikiwa imepumzika, nayo ikianguka mara tu ikipewa kazi, kama mtu mgonjwa asemaye ni mzima akiwa kitandani. Ipime wakati kisanduku kinatumia umeme. Visanduku vingi vilitengenezwa kwa volti 4.8 hadi 6. Vingine huvumilia zaidi. Soma maandishi yaliyo juu yake, kwani volti nyingi kuliko zilizoandikwa hukiunguza. Tazama viungo vya waya pia: mtetemo huvilegeza, na jasho la betri huvila.

Tano, kihisio na sumaku yake. Hakikisha kihisio hakikulegea, hakikuguswa na kitovu cha rafadha, wala waya wake haukukatika ndani ya ngozi yake. Sumaku ndogo iliyo kitovuni huweza kung'oka. Ikiwa haipo, kisanduku hakitapata habari ya kutoa cheche milele. Na kama mtu ameirudisha kinyume, uso wa ndani ukawa nje, kihisio hakitaijua.

Sita, magneto. Ondoa kifuniko utazame sumaku ya gurudumu na miguu ya koili. Kutu na uchafu viondolewe kwa msasa laini, kisha pafutwe kwa kitambaa kikavu. Pengo kati ya sumaku na koili huwa karibu milimita 0.3, yaani kama unene wa kadi ya posta. Ili kulipanga, legeza skrubu za koili, weka kadi katikati, iache sumaku iivute koili yenyewe, kaza skrubu, uichomoe kadi, kisha zungusha gurudumu ukihakikisha kwamba hakuna kinachogusana. Na ikiwa injini yako ni ya kale yenye platini, zifungue uone kama zimeungua au zina mafuta. Pitisha karatasi safi katikati yake, upime pengo. Platini zilizochimbika upesi, pamoja na cheche dhaifu, mara nyingi ni dalili ya kondensa mbovu.

Saba, wakati wa cheche. Ikiwa cheche ni nzuri, petroli ipo, mgandamizo upo, lakini injini yarudisha rafadha nyuma kwa kishindo, au yapiga risasi katika kabureta, basi cheche inakuja kwa wakati usio wake. Katika injini ya magneto, kitazame kile kijichuma kidogo kinacholifunga gurudumu kwenye ekseli. Rafadha au msumeno ukipiga kitu kigumu, kijichuma hicho hukatika, na gurudumu huhama mahali pake. Katika injini ya ndege, kila ndege iangukiapo pua, kitovu na kihisio vikaguliwe kwa ajili hiyo hiyo.

Ugonjwa wa moto

Umebaki ugonjwa mmoja unaowachosha hata mafundi. Injini huwaka vizuri asubuhi, hufanya kazi dakika 10 au 15, kisha huzima, wala haiwaki mpaka ipoe. Ikipoa, huwaka tena kama kwamba haikuwa na kosa. Hapo ishuku koili. Ndani yake mna waya mwembamba mno uliozungushwa maelfu ya mara; ukiwa umekatika au ngozi yake imeharibika, joto huutanua na kuutenganisha, na baridi huurudisha. Dawa ya kuujua ugonjwa huo ni kuijaribu cheche papo hapo injini inapozima, ingali moto, wala si baada ya chakula cha mchana. Cheche isipoonekana, na waya wa swichi umechomolewa, na plagi ni nzima, badili koili. Usipoteze siku kuitengeneza, maana koili haitengenezeki kwa nyundo na bisibisi. Walakini, kabla hujaihukumu koili, legeza kifuniko cha tangi; kwani tangi lisilopumua nalo huzima injini baada ya dakika chache, nalo husingizia kuwa ni ugonjwa wa koili.

Yatupasayo

Mwenye ndege ya namna hii asiirushe injini isiyotulia. Iwashe, ifungwe chini, iendeshe kasi yote kwa dakika kadhaa. Izime, iwashe ikiwa moto. Ivute kofia ya plagi kwa vidole uone kama imeshika. Jaribu swichi ya kuzimia. Ikikohoa hata mara moja, siku hiyo ndege isipande. Tena, kabla ya yote, aulize mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake kama ruhusa yahitajiwa, naye awaarifu wakuu wa mahali na wenye mashamba yaliyo karibu. Wakuu nao wasione haya kumwuliza mgeni mwenye ndege ndogo: "Injini yako umeijaribu? Na ikizima, itashukia wapi?" Swali hilo ni la haki, na mtu mwema atalijibu kwa furaha.

Wenye mabomba na misumeno nao wawe na akiba ndogo: plagi moja nzima, spana ya plagi, kipimo cha pengo, kipande cha msasa laini na kitambaa kikavu. Vitu hivi huingia katika kopo moja. Laiti tungalikuwa na kopo hilo, na subira ya kufuata utaratibu, miche yetu isingalikufa. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Nasi twaongeza kwamba injini haimwogopi mwenye hasira, humtii mwenye utaratibu.

Maswali kwa wanafunzi

1. Injini ya petroli yahitaji mambo gani matatu?

2. Plagi ikiwa imelowa petroli, hiyo ni dalili gani? Ikiwa kavu je?

3. Kwa nini mwili wa plagi ugusane na chuma unapojaribu cheche?

4. Waya wa swichi ya kuzimia ukichubuka na kugusa chuma, magneto hufanyaje?

5. Injini ya mapigo mawili ikizunguka mara 4,500 kwa dakika, huhitaji cheche ngapi kwa nukta moja?